Tafuta Kusini ya Kweli kwa Kijiti na Kamba

Mwulize mtu wa Arusha mjini kaskazini iko wapi. Mara nyingi atanyosha mkono kuelekea Mlima Meru. Kisha nenda Usa River, umwulize mtu swali hilo hilo. Huenda naye akanyosha mkono kuelekea mlima. Lakini mikono hiyo miwili haielekei upande mmoja. Mlima ni ule ule, ila kila mtu anautazama kutoka kwake. Basi nani kati yao amesema kweli? Wote wawili wamekosea.

Katika shughuli nyingi za kila siku kosa hilo halina madhara. Mtu akikwambia duka liko upande wa mlimani, utafika tu. Lakini zipo kazi zinazotaka kaskazini na kusini ya kweli, siyo ya kukisia. Mpima ardhi anaihitaji. Ndugu zetu Waislamu wanaihitaji ili wapate kibla. Na shule yenye darubini ya kutazamia nyota inaihitaji sana. Makala hii inahusu darubini, lakini njia tutakayoieleza yafaa kwa kazi hizo zote. Vifaa vyake havina gharama. Ni kijiti, kamba na misumari miwili. Kikundi chochote cha kisomo kinaweza kuifanya kwa siku moja.

DARUBINI INA SHIDA GANI NA KUSINI?

Mwanzoni mwa miaka ya 2010 mradi ulioitwa Telescopes to Tanzania, ulioungwa mkono na shirika la Astronomers Without Borders, ulifanya kazi na shule za sehemu za Arusha na Meru, na darubini zikaletwa. Darubini ni kitu kizuri. Kwa darubini ndogo tu utaona mashimo ya mwezi, pete za Zohali, na miezi minne ya Mshtarii ambayo Galileo aliiona mwaka 1610. Lakini kuwa na darubini ni jambo moja, na kuisimika vizuri ni jambo jingine.

Dunia yetu inajizungusha bila kusimama. Kwa hiyo nyota huonekana zikisafiri kutoka mashariki kwenda magharibi. Mwendo wao ni digrii 15 kwa saa moja, yaani digrii 1 kila dakika 4. Kwa macho matupu huoni mwendo huo. Ndani ya darubini unauona sana, kwa sababu darubini hukuza kila kitu, hata mwendo. Tuseme darubini inaonyesha sehemu ya mbingu yenye upana wa nusu digrii, ambao ni kama upana wa mwezi mpevu. Ukiiweka nyota katikati, baada ya dakika moja tu nyota imekwisha kutoka.

Sasa fikiri juu ya wanafunzi 40 waliopanga foleni usiku. Kila mmoja akipewa nusu dakika, foleni itachukua dakika 20. Mwalimu analenga, mtoto wa kwanza anaona, wa pili anaona kwa shida, wa tatu anakuta giza. Mtoto huyo ametembea kwa miguu kutoka nyumbani. Anaona haya kusema kwamba haoni kitu mbele ya wenzake. Anasema, "Nimeona, mwalimu," kisha anampisha mwenzake. Basi amerudi nyumbani bila elimu, na mwalimu hakujua.

Dawa ya shida hii ni stendi yenye mhimili. Mhimili ni ule mchi ambao darubini huuzunguka. Mhimili wa stendi ukilala sambamba na mhimili wa dunia, kazi inakuwa nyepesi. Unazungusha kitasa kimoja polepole, au unaacha mota ndogo izungushe, na nyota inabaki katikati ya kioo. Mtoto wa 40 ataona kama alivyoona wa kwanza.

Ili mhimili wa stendi ulale hivyo, mambo mawili yanatakiwa:

1. Uelekee kaskazini na kusini ya kweli.
2. Uinuliwe kwa digrii zilizo sawa na umbali wa mahali hapo kutoka ikweta. Umbali huo huitwa latitudo.

Jambo la pili kwetu ni rahisi. Mji wa Arusha uko kusini ya ikweta kwa digrii 3.4 hivi. Kwa hiyo mhimili hulala karibu sawa na ardhi, na upande wake wa kusini huinuka kidogo tu. Chukua ubao wa urefu wa mita 1, uulaze kaskazini na kusini, kisha inua ncha yake ya kusini kwa sentimita 6. Huo ndio mwinamo unaotakiwa. Mjini London mhimili huo huo ungeinuliwa digrii 51 na nusu, tena kuelekea kaskazini. Ndiyo maana stendi nyingi zilizotengenezwa kwa ajili ya Ulaya na Marekani hazikubali kulala kiasi chetu. Fundi seremala anaweza kusaidia kwa kukata kabari ya mbao ya kuweka chini ya stendi.

Jambo la kwanza, la kupata upande wenyewe, ndilo linalowashinda watu. Na linawashinda kwa sababu wanafuata viongozi wasioaminika.

VIONGOZI WANAOPOTEZA

Mlima. Ukisimama Mnara wa Saa katikati ya Arusha, kilele cha Meru kiko kilometa 14 hivi kaskazini na kilometa 6 hivi mashariki. Maana yake ni kwamba mlima hauko kaskazini kamili, umekwenda mashariki kwa digrii 23 hivi. Ukiwa Usa River, kilele kiko kaskazini-magharibi. Ukiwa Oldonyo Sambu, kiko kusini-mashariki. Ukiwa Ngare Nanyuki, mlima umekuwa kusini-magharibi yako! Kwa kulinganisha, kibla kutoka Arusha mjini ni digrii 7 hivi mashariki ya kaskazini. Mtu wa mjini akiufuata mlima atakuwa amepita kibla kwa digrii 16. Mlima ni jirani mwema, unatupa maji na udongo wenye rutuba, lakini usiufanye dira.

Jua linapochomoza. Tumezoea kusema jua huchomoza mashariki. Ni kweli, lakini si mahali pamoja kila siku. Mwezi wa Juni huchomoza digrii 23 hivi kaskazini ya mashariki. Mwezi wa Desemba huchomoza digrii 23 hivi kusini ya mashariki. Ni karibu na tarehe 20 Machi na tarehe 23 Septemba tu ndipo linapotoka mashariki kamili. Mkulima anayetazama jua likitokea nyuma ya mti ule ule wa mpaka wa shamba lake analijua jambo hili bila kuambiwa.

Upepo. Maneno yetu kaskazini na kusini yalitoka pwani, kwa mabaharia. Kaskazi ni upepo wa miezi ya Desemba hadi Machi, na kusi ni upepo wa katikati ya mwaka. Lakini kaskazi hasa huvuma kutoka kaskazini-mashariki. Unafaa kusukuma jahazi, haufai kusimika darubini.

Dira. Sindano ya dira hufuata sumaku ya dunia, na ncha za sumaku haziko mahali pamoja na ncha za dunia. Katika sehemu zetu tofauti hiyo ni ndogo, haizidi digrii 2, nayo hubadilika polepole mwaka hadi mwaka. Hatari kubwa iko karibu zaidi. Meru ni mlima wa volkano, na mawe yake meusi yana madini ya chuma yanayoweza kuvuta sindano. Bati la nyumba huivuta, nondo za zege huivuta, gari huivuta, na hata miguu ya chuma ya stendi yenyewe huivuta. Dira iliyomo ndani ya simu ina ugonjwa huo huo, kwa kuwa nayo husikiliza sumaku. Kama mfuko wa simu una sumaku ya kufungia, basi usiitazame kabisa.

Saa. Wengi hufikiri kwamba redio ikitangaza saa 6 kamili mchana, jua liko katikati ya safari yake. Kwetu sivyo. Saa za Tanzania zimepangwa kwa kufuata mstari wa longitudo ya digrii 45 mashariki. Mstari huo hauko hata ndani ya nchi yetu, uko mbali baharini. Arusha iko kwenye digrii 36.7. Jua linachelewa kutufikia kwa dakika 33 hivi. Kwa hiyo adhuhuri ya jua kwa Arusha ni karibu saa 6 na nusu, na hata hiyo hubadilika kwa miezi, kama tutakavyoona.

Nyota ya Kaskazini. Vitabu vya Ulaya husema, "Elekeza stendi kwenye Nyota ya Kaskazini." Nyota hiyo haionekani Arusha, kwani iko chini ya upeo wa macho yetu usiku wote na mwaka wote. Upande wa kusini ipo nyota karibu na ncha ya mbingu, inaitwa Sigma Octantis. Lakini ni hafifu sana, na kwetu iko digrii chache tu juu ya upeo, ndani ya vumbi na ukungu. Usipoteze usiku wako kuitafuta.

KIJITI HAKIDANGANYI

Basi tumwendee kiongozi wa kweli, naye ni kivuli. Kanuni yake ni hii. Jua hupanda asubuhi na kushuka alasiri kwa njia mbili zinazofanana. Kivuli cha asubuhi na kivuli cha alasiri vikiwa na urefu sawa, basi katikati yao kabisa ndiyo kaskazini na kusini.

Vifaa ni kijiti kilichonyooka cha zaidi ya mita 1, kamba isiyonyumbuka, misumari miwili mirefu, vigingi vichache, na timazi. Kama huna timazi, funga jiwe kwenye uzi. Fuata hatua hizi:

1. Chagua mahali wazi ambapo jua hufika tangu saa 3 asubuhi mpaka saa 10 alasiri. Pawe mahali ambapo darubini itasimama, au karibu sana.

2. Sawazisha ardhi. Tumia pimamaji. Kama huna, laza chupa ya maji iliyokaribia kujaa. Povu likikaa katikati, hapo pamelingana. Ardhi yenye mteremko itakupa jibu la uongo.

3. Simika kijiti, kibaki mita 1 juu ya ardhi. Kitazame kwa timazi kutoka pande mbili. Kisiiname hata kidogo.

4. Saa 4 asubuhi hivi, pigilia msumari mahali ncha ya kivuli inapoishia. Huu ni msumari wa asubuhi.

5. Funga kamba chini ya kijiti, ivute mpaka kwenye msumari, kisha zungusha na kuchora duara. Duara lipite kwenye msumari.

6. Sasa ngoja. Kivuli kitafupika na kuingia ndani ya duara. Baada ya adhuhuri kitaanza kurefuka. Karibu na saa 9 alasiri uwe macho. Ncha ya kivuli itakapogusa duara tena, pigilia msumari wa pili. Huu ni msumari wa alasiri.

7. Nyosha kamba kati ya misumari miwili. Mstari huo unakwenda magharibi na mashariki. Msumari wa asubuhi ni magharibi, na msumari wa alasiri ni mashariki, kwa sababu kivuli hukimbia jua.

8. Chukua kamba ndefu kidogo kuliko nusu ya umbali kati ya misumari. Ifunge kwenye msumari mmoja, uchore pinde kaskazini na kusini. Ihamishe kwenye msumari wa pili bila kubadili urefu, uchore tena. Pinde zitakatana mahali pawili. Unganisha sehemu hizo mbili kwa kamba. Huo ndio mstari wako wa kaskazini na kusini ya kweli.

9. Simama juu ya mstari huo ukitazama msumari wa alasiri. Mkono wako wa kushoto ni kaskazini, na wa kulia ni kusini.

Kazi hii ina shahidi wake. Kama umefanya sawasawa, mstari wa hatua ya 8 utapita pale pale kijiti kiliposimama. Ukipita pembeni, basi ama msumari mmoja hauko juu ya duara, ama pinde hazikuchorwa sawasawa. Rudia kesho. Ukitaka uhakika zaidi, weka misumari mingine saa 3 na nusu na saa 4 na nusu, uchore maduara matatu. Maduara yote matatu yatoe mstari mmoja.

Je, kosa dogo lina ukubwa gani? Vuta mstari wako uwe na urefu wa mita 5. Digrii 1 ya kosa ni sentimita 9 hivi kwenye mwisho wa kamba hiyo. Mtu mwangalifu anaweza kupata mstari wenye kosa la nusu digrii tu. Linganisha na digrii 23 za yule aliyeufuata mlima.

Angalizo moja. Vitabu vilivyoandikwa Ulaya husema kivuli cha adhuhuri huelekea kaskazini. Hapa kwetu usikubali. Tangu karibu tarehe 12 Machi mpaka karibu tarehe 1 Oktoba, jua la adhuhuri hupita upande wetu wa kaskazini, na kivuli huelekea kusini. Miezi mingine jua hupita kusini, na kivuli huelekea kaskazini. Karibu na tarehe hizo mbili jua huwa utosini kabisa, na kijiti hukosa kivuli wakati wa adhuhuri. Njia ya duara haijali mambo hayo. Yafaa mwaka mzima, ilimradi mawingu yakupe nafasi. Katika miezi ya baridi, Juni hadi Agosti, mawingu huweza kufunika upande wa kusini wa Meru asubuhi. Basi uwe na subira, au chagua Januari na Februari.

KAMA UNA SAA SAHIHI

Wapo wasioweza kungoja mchana kutwa. Hao wanaweza kutumia saa, kwa sharti kwamba saa iwe sahihi kwa dakika, kama saa ya simu inayopata majira yake kutoka mtandaoni. Ning'iniza timazi juu ya ardhi iliyolingana. Dakika ya adhuhuri ya jua ikifika, chora mstari juu ya kivuli cha uzi. Hizi ndizo nyakati kwa Arusha mjini, katikati ya kila mwezi:

Januari 15: saa 6 na dakika 42
Februari 15: saa 6 na dakika 47
Machi 15: saa 6 na dakika 42
Aprili 15: saa 6 na dakika 33
Mei 15: saa 6 na dakika 30
Juni 15: saa 6 na dakika 34
Julai 15: saa 6 na dakika 39
Agosti 15: saa 6 na dakika 38
Septemba 15: saa 6 na dakika 28
Oktoba 15: saa 6 na dakika 19
Novemba 15: saa 6 na dakika 18
Desemba 15: saa 6 na dakika 28

Nyakati hizi hubadilika kwa sababu dunia haiendi kwa mwendo mmoja katika kulizunguka jua, tena imeinama. Njia hii ni ya haraka, lakini haisamehi. Mwezi wa Juni kosa la dakika moja huleta kosa la nusu digrii hivi. Mwezi wa Aprili kosa la dakika moja huzidi digrii nzima. Machi na mwanzo wa Oktoba usiitumie kabisa, maana kivuli karibu hakipo.

Jedwali hilo pia hukagua kazi ya duara. Tuseme ni tarehe 15 Juni na umeweka msumari wa kwanza saa 4 kamili. Wa pili unapaswa kuwekwa saa 9 na dakika 8 hivi, kwa kuwa katikati ya nyakati hizo mbili ni saa 6 na dakika 34.

USIKU: MSALABA WA KUSINI

Kama umefika mahali pageni usiku na hukupata jua, mtafute Msalaba wa Kusini. Ni nyota nne zinazofanya umbo la msalaba. Msalaba ukisimama wima, mguu wake huelekea chini kwenye kusini. Kwa Arusha, katikati ya Aprili husimama wima karibu na saa 5 na nusu usiku, katikati ya Mei saa 3 na nusu usiku, na katikati ya Juni saa 1 na nusu usiku. Februari itabidi uamke saa 9 usiku. Nyota ya mguuni wakati huo iko digrii 30 hivi juu ya upeo wa macho.

Inua timazi mbele ya jicho. Uzi ukipita juu ya nyota ya kichwani na ya mguuni kwa pamoja, teremsha jicho mpaka chini na uweke alama. Hiyo ni kusini, yenye kosa la digrii 2 au 3 tu. Wakazi wa mteremko wa kusini wa Meru wana bahati, kwa kuwa mbele yao ardhi inashuka kuelekea tambarare za Wamasai, na upeo wao wa kusini uko wazi.

KUIWEKA DARUBINI JUU YA MSTARI

Simamisha stendi ili mhimili wake ulale juu ya mstari uliochora. Tumia timazi mbili, moja mbele na moja nyuma ya mhimili. Zote mbili ziguse mstari. Inua upande wa kusini kwa ule mwinamo wa sentimita 6 kwa kila mita. Kama kuna mota yenye swichi ya N na S, iweke kwenye S.

Kisha nyota zenyewe zikukosoe. Lenga nyota iliyo karibu na utosi, mota ikiwa inafanya kazi, ungoje dakika 5. Usijali ikisogea mashariki au magharibi. Tazama kama inasogea kaskazini au kusini:

– Ikisogea kaskazini, ncha ya kusini ya mhimili imekwenda mno mashariki. Isogeze kidogo magharibi.
– Ikisogea kusini, ncha hiyo imekwenda mno magharibi. Isogeze kidogo mashariki.

Halafu lenga nyota iliyo upande wa mashariki, ikiwa imeanza kupanda:

– Ikisogea kusini, ncha ya kusini ya mhimili iko juu mno. Ishushe.
– Ikisogea kaskazini, iko chini mno. Iinue.

Rudia mpaka nyota itulie. Aliyeanza na mstari wa kijiti hurekebisha kidogo tu, na kazi inakwisha kabla watoto hawajasinzia. Aliyeanza na mlima atahangaika mpaka usiku wa manane.

ONYO: Usilitazame jua kwa darubini hata mara moja, wala usimwache mtoto peke yake na darubini mchana. Jua kupitia darubini hupofusha jicho mara moja, na jicho hilo haliponi. Kazi zote za kijiti zifanywe darubini ikiwa bado imefungiwa ndani.

MSTARI UBAKI BAADA YETU

Walimu huhamishwa. Aliyejua kusimika darubini akiondoka, elimu yake huondoka naye, na darubini huishia stoo kuwa nyumba ya buibui. Kwa hiyo mstari usiwe wa chokaa, maana mvua moja tu ya masika huufuta. Chimbieni vizuizi viwili vidogo vya zege, kimoja kaskazini na kimoja kusini, vikiwa mita 5 au zaidi kutoka kimoja hadi kingine. Chora msalaba juu ya kila kimoja kabla zege haijakauka, na andikeni herufi K na S. Kamati ya shule, wazazi na wanakisomo wanaweza kuifanya kazi hiyo kwa nusu siku. Kuanzia hapo, hata mwalimu mgeni aliyefika jana atanyosha kamba kati ya alama mbili na kuanza kazi.

Mlima Meru utabaki pale pale, na kila kijiji kitaendelea kuuona upande wake. Lakini wanakijiji wa Usa River, Ngare Nanyuki na Arusha mjini wakisimika vijiti vyao siku moja, mistari yao yote itaelekea upande mmoja.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Kutoka kijijini kwenu, kilele cha Mlima Meru kiko upande gani? Pimeni kwa kijiti, kisha linganisheni na mlivyokuwa mkifikiri.
2. Kwa nini adhuhuri ya jua kwa Arusha si saa 6 kamili?
3. Leo kivuli cha adhuhuri kinaelekea kaskazini au kusini? Kitageuka mwezi gani?
4. Kwa nini dira isiwekwe karibu na stendi ya chuma?
5. Je, shule iliyo karibu nanyi ina darubini? Kama inayo, nani anajua kuisimika, na nani atajua yeye akihamishwa?